Kukaa Nyumba Moja Amu: Tafuta Watu Kabla ya Nyumba

Nyumba yangu ya kwanza Amu, yaani mji wa Lamu, niliihama baada ya wiki kumi na moja. Kodi haikuwa mbaya, kunguni hawakuwamo, na ukipanda juu unaiona Manda ng'ambo ya maji. Tulikuwa wanawake wanne: walimu wawili, muuguzi, na binti aliyekuja kwa kazi ya muda. Sote tunasali, hakuna anayevuta wala kunywa, na siku tuliyokutana kila mmoja alisema yeye ni mtu wa utaratibu. Tukashindwana kwa birika la maji, lile hodhi la kuogea. Mmoja alikuwa akioga kama yuko mtoni, mwingine akihesabu kata, na alfajiri moja nilishuka kutia udhu nikakuta tope na kata imelala kifudifudi.

Tangu hapo nimeishi na watu katika nyumba tatu, na hii ya sasa inaingia mwaka wa tano. Ninayoyaandika hapa ni kwa mgeni anayeletwa Amu na kazi: mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, fundi anayekuja kujifunza kuchonga milango. Nyumba za mawe ni kubwa kwa mtu mmoja, na nyingi zenye samani zinasubiri watalii. Mkiwa watatu au wanne, nyumba nzuri inapatikana. Kazi ni kuwapata hao watatu.

Hatua ya 1: Tenganisha usiyoyaweza na usiyoyapenda

Chukua karatasi uigawe pande mbili. Mimi moshi wa sigara siuwezi, unanibana kifua. Harufu ya ng'onda, samaki mkavu, siipendi, lakini hainihamishi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaja kugombana kwa ng'onda na moshi wakaunyamazia.

Pitia siku yako tangu kuamka: unaamka saa ngapi, unapika mara ngapi, unaoga maji mangapi, simu unazungumza kwa sauti gani, nani hukujia na hukaa mpaka saa ngapi. Andika habari za miraa, za televisheni, za kuazimana pesa. Andika pia paka. Usicheke. Amu paka ni wengi, na mwenzako akianza kumtupia mmoja vichwa vya samaki jikoni, wiki ijayo mnao kumi na mmoja wao amezaa ndani ya kabati lako.

Upande wa usiyoyaweza ukipita mambo manne, tafuta chumba cha peke yako. Si aibu, na utawapunguzia wengine taabu.

Neno moja kuhusu dini, maana wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Kuwa dini moja kunasaidia, ila hakutoshi. Kuna Muislamu ambaye usiku wa maulidi kwake ni uhai, na kuna Muislamu asiyeyaona hayo. Wakae chumba kwa chumba bila kuzungumza kwanza, watayazungumza wakati mbaya. Upande wa pili, katika nyumba yangu ya sasa yumo Mkristo kutoka bara ambaye mwezi wa Ramadhani chakula chake cha mchana hukila kazini, na daku likichelewa yeye ndiye hutugongea mlango. Hakuna aliyemwomba.

Hatua ya 2: Peleka neno, lakini neno lenye habari

Wanaume wana mabaraza, wana Mkunguni mbele ya ngome, wana misikiti na mpira. Sisi wanawake neno hupita kwa fundi wa nguo, kwa mpaka hina, chuo cha Kurani cha watoto, zahanati, chumba cha walimu. Vikundi vya WhatsApp vya kazini pia hufanya kazi. Ila ukituma "natafuta mtu wa kukaa naye", utapata mtu yeyote. Tuma ujumbe unaomfanya asiyekufaa ajiondoe mwenyewe. Wangu wa mwisho ulikuwa hivi:

"Natafuta wenzangu wawili wa kike, mtaa wa Mkomani au Langoni, kuanzia mwezi wa tano. Nafundisha. Nalala saa nne, naamka saa kumi na nusu. Napika jioni tu. Sina wageni wa kulala isipokuwa mamangu mara mbili kwa mwaka. Moshi siuwezi. Kodi yangu haipiti elfu nane."

Walionijibu walikuwa watatu tu, na wawili kati yao ndio ninaokaa nao. Ule ujumbe wangu wa mwanzo, miaka hiyo, ulijibiwa na watu kumi na tisa.

Dalali mtumie kwa nyumba, usimtumie kwa watu. Yeye kazi yake ni kujaza vyumba. Na usimlipe wala usitume pesa ya kushikia nyumba ambayo hujaingia ndani ukafungua mfereji.

Hatua ya 3: Usimhoji, pika naye

Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi. Ukimuuliza mtu anathamini nini, atakupa jibu zuri, na hatakuwa anadanganya. Sote tunajidhani hivyo. Muulize alichofanya. Maswali ya jana na juzi hayana pa kujificha:

Jumamosi iliyopita uliamka saa ngapi, ukafanya nini mpaka adhuhuri?
Mara ya mwisho tokeni za stima ziliisha usiku, nani alinunua?
Wiki ya Maulidi watu wako wakija, hulala wapi?
Uliyekaa naye kabla mligombana kwa nini, na yeye angeniambia nini juu yako?

Lile la Maulidi linastahili maelezo. Mwezi wa Mfunguo Sita (Rabiul Awwal) mji hujaa wageni wa kila pwani wanaokuja kwa maulidi ya msikiti wa Riyadha. Mwenye jamaa Pate, Faza au Mambasa hawezi kumwambia shangazi yake aende akalale hoteli, na wala hapaswi. Kwake, nyumba isiyopokea jamaa si nyumba. Kwako huenda watu saba ukumbini wakawa ni mtihani. Hakuna mkosa kati yenu, lakini ni bora mjuane mapema kuliko siku mashua zimeshatia nanga.

Lile la ugomvi nalo lisikilize vizuri. Anayesema hajawahi kugombana na mtu, au kila aliyekaa naye alikuwa mbaya, mshukuru, mnywe chai, muagane. Ninayemtaka ni yule anayenyamaza kidogo kisha akasema, "Nilikuwa nachelewesha pesa ya gesi." Huyo anajijua.

Kisha nendeni sokoni pamoja, mpike pamoja, kwake au kwako. Utayaona mengi ndani ya saa tatu. Anakuna nazi huku anaosha vyombo, au anangoja vyombo vijae? Samaki akibaki anafunikwa au anasahauliwa? Maji ya mchele yanamwagwa wapi? Nani alitoa pesa sokoni, na je, alikumbuka kukurudishia chenji ya shilingi hamsini? Mimi hiyo hamsini niliiangalia sana kwa mwenzangu wa sasa. Alinirudishia kabla hatujafika nyumbani, kwa kuivunja noti kwa kununua limau.

Mwisho, uliza alikotoka. Si kwa siri: mwambie kwamba utamuuliza mtu aliyekaa naye na wewe umpe namba ya aliyekaa na wewe. Anayekataa ana sababu, na huna haja ya kuijua.

Hatua ya 4: Ikague nyumba kwa macho ya watu watatu

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na kwa Amu maneno haya yachukue kama yalivyo. Mlango wa kuchongwa utakuvuta, lakini swali lako liwe moja: nani atapita chumbani kwa nani?

Nyumba ya mawe ya kale imepangwa kwa kina. Njiani unakuta daka, kibaraza cha mlangoni, na mabaraza yake, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa nyuma ya mlango, unapinda kona ili mpita njia asione ndani, ndipo unatokea kiwandani, yaani uani, penye mwanga. Kutoka hapo ni msana wa tini (ukumbi mrefu wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha chumba kinachoitwa ndani. Kila unavyosogea ndivyo faragha inavyozidi. Ni mpango mzuri sana, ila ulipangwa kwa watu wa damu moja, si kwa walimu watatu waliokutana juzi. Mara nyingi anayelala ndani hana njia ila kupitia misanani, na kati ya msana na msana pana pazia tu. Mwenye msana atasikia kila anayekwenda choo usiku. Kama kuna sabule, kile chumba cha wageni karibu na mlango, mpeni yule mwenye zamu za usiku au anayepokea wageni wengi.

Kwa hiyo msigawe kodi sawa kwa sawa. Tulivyofanya sisi ni hivi: kila mmoja aliandika kwa siri kwenye karatasi kiasi ambacho yuko radhi kutoa kwa kila chumba, jumla yake iwe kodi nzima, kisha tukafungua. Tuseme nyumba ni 24,000. Chumba cha juu chenye upepo kikaangukia 9,500, ndani 8,000, msana 6,500. Aliyekaa msana hakuwahi kulalamika juu ya nyayo zetu, kwa sababu aliijua bei yake.

Maji yaangalieni kabla ya rangi ya ukuta. Maji matamu ya mji huu hutoka visima vya kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, na kisima cha nyumbani mara nyingi ni maji ya chumvi: yanafaa kufulia na kusafishia, si chai. Ulizeni mfereji hutoka siku zipi, tangi ni la lita ngapi, na lipo juu au chini. Chooni kama kuna birika la kale, chungulieni. Mkiona visamaki vinaogelea, msivitoe. Viliwekwa kula viluwiluwi vya mbu, na ni dalili kwamba aliyekaa hapo alikuwa mtunzaji.

Mambo mengine kwa ufupi. Jiko likiwa juu chini ya makuti, mkaa na sigara visiwepo, maana makuti yakishika moto hamtapata muda wa kuteremka ngazi, na gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vya Amu. Ukuta wa matumbawe na chokaa haupendi misumari, tumieni zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo wazo la kuvunja ukuta ili kila mtu apate mlango wake lisahauni, hata mwenye nyumba akikubali. Na kama chumba kiko juu ya wikio, kile kidaraja kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, kila punda anayepita alfajiri na mchanga mgongoni atakuwa mgeni wako.

Hatua ya 5: Uliza nyumba ni ya nani, kisha uliza tena

Amu nyumba nyingi ni za mirathi. Anayekupokea kodi anaweza kuwa ndugu mmoja kati ya sita, na wa pili akatua kutoka Mambasa au Uarabuni mwezi wa tatu akitaka haki yake. Mwulizeni kwa adabu: "Bi, nyumba hii ni yako peke yako au ni ya jamaa? Na wenzako wanajua kwamba tunaingia?" Mtu mkweli hakasiriki. Halafu pita duka la karibu, salimia, nunua chumvi, uliza hiyo nyumba ni ya nani. Mtaa mzima unajua.

Muulizeni pia habari ya Desemba na Januari. Wapo wenye nyumba wanaopangisha walimu kuanzia Februari, na watalii wakirudi wakawataka mpishe. Hilo si kosa kama mlielezwa.

Na mtaa nao ni mwenzenu wa nyumba. Wanawake peke yao, au wanaume peke yao, Mkomani na Langoni mtakaa vizuri. Kuchanganya wanawake na wanaume wasio na ndoa ndani ya mlango mmoja kutawaletea maneno, na mwenye nyumba ndiye atakayeyasikia kwanza. Wanaotaka mpango huo wamwambie wazi kabla ya kulipa. Wiki ya kwanza pitieni majirani wa pande zote mbili mjitambulishe. Jirani akiwaletea sahani ya futari, sahani isirudi tupu, hata kama ni embe mbili. Mwenzenu anayeona hilo ni mzigo, mngemjua mlipokuwa mkipika.

Hatua ya 6: Andikeni, ingawa mnaaminiana

Karatasi moja inatosha, Kiswahili cha kawaida, kila mtu asaini na abaki na nakala. Iwe na: majina kamili na namba za vitambulisho, kodi ya kila chumba na tarehe ya kulipa, dipoziti ni kiasi gani na iko mkononi mwa nani, tokeni, maji na mtungi wa gesi vinagawanywaje, wageni wa kulala mwisho siku ngapi, na wiki ya Maulidi ikoje, Ramadhani jiko linatumikaje mchana, anayeondoka atoe notisi ya muda gani na ni nani wa kumtafuta mrithi wake.

Hicho cha mwisho ndicho kilichowahi kunigharimu. Mwenzetu mmoja alihamishwa kikazi ghafla, akaondoka na mashua ya asubuhi, sisi tuliobaki tukalipa chumba kitupu miezi miwili. Sasa tumeandika: notisi ya mwezi, au mwezi mmoja wa kodi. Mrithi anatafutwa na anayeondoka lakini anakubaliwa na wanaobaki, wote, bila kura ya wengi. Mmoja tu akisita, basi.

Angalieni pia mkataba na mwenye nyumba uko kwa jina la nani. Ukisaini peke yako, wenzako wakikwama deni ni lako. Bora majina yenu yote yaingie. Kodi lipeni kwa M-Pesa, si mkononi, ili ujumbe ubaki. Na kama mwenye nyumba ni mzee asiyetaka simu, aandike risiti kwenye daftari lenu.

Dipoziti ikigoma kurudi, mzee wa mtaa au chifu aanze. Ikishindikana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ndiyo maana nawasihi kuhusu zile risiti. Kuna waliopeleka ugomvi wa kodi kwa kadhi kwa sababu ofisi iko karibu. Kadhi ni wa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, atawarudisha.

Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza

Wekeni siku ya kuzungumza kila baada ya wiki mbili, si siku ya kugombana. Sisi ni Ijumaa baada ya chakula cha usiku, tukiwa na kahawa, dakika ishirini. Kila mtu anasema jambo moja linalomsumbua na jambo moja lililompendeza, kisha linafungwa. Kopo la pesa za jikoni liko juu ya friji na daftari pembeni yake. Ukitoa unaandika, hata shilingi kumi ya kiberiti.

Katika hayo ya mwezi wa kwanza usitafute mapenzi. Tafuta dalili mbili tu: aliyekosea anakiri kabla hajaulizwa, na aliyekosewa anasema kabla hajanuna. Zote mbili zikikosekana mpaka mwezi wa pili, anza kutoa neno kwa fundi wa nguo.

Nasi birika letu tumeliwekea alama ya chokaa ndani, kimo cha kiganja kutoka chini. Maji yakifika hapo, hakuna anayeoga mpaka aliyeteka mwisho apige simu aletewe mitungi. Alama ile aliichora yule mwenzangu wa limau, siku tuliyohamia, kabla hata ya kufungua sanduku lake.